Pimbi, Fisi na Chungu cha Mteremko

Paukwa.

Pakawa.

Mmekula?

Tumekula.

Mmeshiba?

Hatujashiba.

Basi leteni masikio, hayo hayahitaji mboga. Palitokea nini?

Tuambie wewe.

Hapo kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na adabu kuliko majirani zangu wa upande huu, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, mnene kiasi, hana mkia wa kujivunia, na uso wake ni wa mtu aliyeamshwa kabla hajamaliza usingizi. Alikaa juu ya jabali, ndani ya pango kavu, yeye na mkewe na watoto wao. Watoto walikuwa wengi, na wote wamenona. Hilo la kunona nalisema kwa sababu kuna mtu aliliona kabla yangu.

Mtu huyo ni Fisi.

Fisi alikuwa na mashimo matatu ya kulala. Mwili mmoja, mashimo matatu, na bado alikuwa analalamika. Masika yalikuwa yanakaribia, na masika yakija mashimo hujaa maji. Basi asubuhi moja akapanda jabalini, akachungulia pangoni, akavuta hewa, fuu, fuu.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mzee Fisi," akasema Pimbi, huku amesimama katikati ya mlango.

"Pango zuri hili."

"Tunashukuru."

"Nalitaka."

Sasa bonde lile lilikuwa na desturi yake. Nyumba ya mtu haichukuliwi kwa meno. Inachukuliwa kwa mchezo wa rungu. Mwenye kuitaka na mwenye kuikaa ndio wanakuwa watupaji, kila mmoja na wenzake nyuma yake, na Kifaru anasimama kando kuangalia asije mtu akaanza kutumia meno. Mnacheza mpaka jua liguse kilima. Mtupaji aliyefungwa alama nyingi zaidi ndiye aliyeshindwa, anahama. Ukikataa kucheza, nawe umehama.

"Na vilivyomo ndani?" akauliza Pimbi.

"Ni vya mshindi. Desturi."

"Mna watoto humo, Mzee."

"Nimewaona," akasema Fisi, akameza mate. "Nitawahesabu kama samani."

Mke wa Pimbi akawavuta watoto nyuma. Pimbi akabaki mlangoni. Hakuwa jasiri, tusimsingizie. Lakini akauliza tena, "Na wewe ukishindwa?"

Fisi akacheka, hi hi hii, mpaka akakaa chini. "Nikishindwa mimi? Chukua mashimo yote matatu na vilivyomo."

Haya. Mchezo wenyewe ni hivi, na asikilize yule anayechezea kidole cha mguu. Mafiga matatu yanawekwa mbalimbali uwanjani, na jiko ni hapa mwanzo. Mtupaji anatupa koche, lile tunda gumu la mkoche. Mpigaji anasimama jikoni na rungu. Akilipiga anakimbia: figa la kwanza, figa la pili, figa la tatu, arudi jikoni. Akifika jikoni ni alama moja, na anayebebeshwa ni mtupaji. Koche likidakwa hewani, mpigaji kazimwa. Akilikosa mara tatu, kazimwa. Koche likirudishwa jikoni kabla yake, kazimwa. Wakizimwa watatu, zamu inageuka, waliokuwa wanapiga wanakwenda kudaka. Umeelewa? Hujaelewa. Utaelewa mbele ya safari.

Kazi ya kuhesabu alipewa Bi Kanga, kwa sababu ana watoto wengi kuliko wote bondeni na hajawahi kurudi nyumbani akiwa amemsahau hata mmoja. Akaweka vyungu viwili, kimoja cha Fisi, kimoja cha Pimbi, akakusanya kokoto pembeni.

Upande wa Fisi walikuwapo mbweha, Mbweha mkubwa na wadogo zake. Upande wa Pimbi walikuwapo pimbi wenzake wa jabalini, na Kobe, na Ngiri. Ngiri ndiye alikuwa mdakaji. Koche lolote lililopanda juu, Ngiri alilidaka. Ila alikuwa na adabu iliyopitiliza. Ukimsalimia Ngiri anaacha kila kitu, anapiga magoti ya mbele, anakujibu, kisha anakuuliza hali yako, ya mkeo, ya watoto, na ya mifugo ambayo huna. Asubuhi ile watu walimkwepa makusudi ili mchezo uanze kabla jua halijawa kali.

Upande wa Pimbi wakaanza kupiga. Fisi akatupa.

Vuuu. Pimbi wa kwanza akalikosa. Vuuu, akalikosa. Vuuu, akalikosa. Kazimwa.

Vuuu, vuuu, vuuu. Wa pili naye kazimwa.

Akaja Ngiri, rungu ameliweka kwenye pembe za mdomo. Vuuu. Pwa! Koche likapanda juu, likageuka, likaanza kushuka taratibu kabisa, moja kwa moja mikononi mwa Mbweha mkubwa. Mbweha akalipokea. Likamponyoka. Pu.

Ngiri huyo, mkia juu wima: figa la kwanza, figa la pili, figa la tatu, jikoni. Akaja pimbi mwingine nyuma yake, Fisi kakasirika katupa ovyo, pimbi kapiga, naye akazunguka mpaka jikoni. Bi Kanga akaokota kokoto mbili, akazitia kwenye chungu cha Fisi. Tii. Tii.

"Hizo za nani?" akauliza Fisi.

"Zako, mwanangu."

"Zangu kwa lipi? Koche nimelitupa mimi, sawa. Aliyelidondosha ni huyu. Tunapimana mimi na Pimbi, hatupimani mimi na mikono ya Mbweha."

Bi Kanga akainamisha kichwa upande mmoja, akafikiri. "Hoja unayo," akasema. "Hebu tuone. Mbweha angelidaka, ingekuwaje?"

"Ngiri angezimwa."

"Naye angekuwa wa ngapi kuzimwa?"

"Wa tatu."

"Basi zamu ingegeuka palepale. Ngiri asingefika jikoni, na yule aliyekuja nyuma yake asingeshika hata rungu." Akaleta vyungu vingine viwili, akaviweka kando ya vile vya kwanza. "Kuanzia sasa kila mtupaji ana vyungu viwili. Hiki ni chungu cha jasho: alama ambazo wapigaji wamezitolea jasho, hizo mzigo wa mtupaji. Hiki ni chungu cha mteremko: alama zilizopatikana kwa sababu mdakaji kakosea. Hizo zipo, tumeziona, lakini mtupaji habebeshwi. Na kama bila kosa zamu ingekuwa imekwisha, basi chochote kitakachofuata, hata wakifunga mpaka wachoke, kinaingia kwenye mteremko mpaka zamu igeuke."

Akazihamisha zile kokoto mbili. Chungu cha jasho cha Fisi kikabaki kitupu. Fisi akatabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Na sheria hii ni ya wote," Pimbi akauliza polepole, "au ni ya Mzee Fisi peke yake?"

"Ya wote," akasema Fisi. "Mimi si mchoyo. Nyumba itahukumiwa kwa chungu cha jasho. Sheria ni sheria. Bwana Kifaru, umesikia?"

"Sijaelewa kitu," akasema Kifaru. "Lakini nimesikia. Sheria ni sheria."

Kisha Fisi akamwendea Mbweha mkubwa, akamng'ata mkia. Kacha. "Hilo ni la kosa lako," akamwambia.

Mbweha akakaa anaramba mkia, akawaza. Akainua kichwa. "Bi Kanga, na mtu asipoligusa koche kabisa?"

"Asiyeligusa hana kosa," akasema Bi Kanga. "Nitajuaje kama angelidaka?"

Mbweha akawatazama wadogo zake. Wadogo zake wakamtazama. 

Pimbi aliyefuata akalikosa koche mara tatu, akazimwa, zamu ikageuka, Pimbi wetu akaenda kutupa. Jamani, mkono wa Pimbi. Mkono wa Pimbi ni mfupi, na koche ni zito, akilitupa linakwenda linasuasua hewani, pole, pole, pole, unaweza ukaenda kuchota maji ukarudi ukalikuta bado liko njiani. Lakini ndilo lililomwokoa. Mbweha wa kwanza kwa pupa alizungusha rungu koche likiwa bado liko nusu ya safari. Akazungusha mara tatu, akazimwa. Wa pili vilevile. Akaja Fisi mwenyewe, akalisubiri, akalipiga. PAA! Likapanda mbinguni. Ngiri akarudi nyuma hatua kadhaa, akafungua mikono, akalidaka. Zamu ikageuka. Chungu cha jasho cha Pimbi, kitupu.

Mkewe kule juu ya jabali akashusha pumzi. Pimbi hakushusha. Aliwaona mbweha wanavyonong'onezana na kuonyeshana jinsi ya kusubiri. Alijua zamu mbili tatu za namna hii na mkono wake utakuwa umekwisha, na wao watakuwa wameujua.

Mpo?

Tupo.

Wewe hapo nyuma upo, au umeacha macho wazi umelala?

Nipo.

Haya. Upande wa Pimbi wakarudi kupiga. Mbweha mdogo akadondosha koche. Kacha, mkia. Mbweha mwingine akadondosha. Kacha, mkia. Alama zikaingia, zote chungu cha mteremko. Fisi kila mara anasema, "Andika mteremko, Bi Kanga. Siyo yangu," na kila akisema hivyo kuna mtu anang'atwa. Wale wawili wakalaumiwa, na zamu ikaendelea hadi wakapatikana watatu wa kuzimwa. Kisha zamu ikageuka, mbweha nao wakapiga, Ngiri akadaka yote, na mchana ukafika, ikawa zamu mpya kwa upande wa Pimbi, na wa kwanza kusimama jikoni alikuwa Pimbi mwenyewe.

Vuuu. Pimbi akafumba macho, akasukuma rungu. Tk.

Koche likaanguka mbele ya miguu yake, likaanza kuviringika, biringi, biringi, biringi. Halikuwa na nguvu ya kumtisha hata sisimizi. Likapita pembeni ya Mbweha mdogo. Mbweha mdogo akarudi nyuma akalipisha. Likamwendea Mbweha mkubwa. Mbweha mkubwa akainua mikono juu.

"Likamateni!" akaguta Fisi.

"Mimi sijaligusa," akasema Mbweha mkubwa.

"Wala mimi," akasema mdogo wake.

"Hata kivuli changu hakijaligusa," akasema wa tatu, akasogea zaidi.

Pimbi akakimbia na vijiguu vyake: figa la kwanza, akapumzika, figa la pili, akapumzika, figa la tatu, akamsalimia mtu, jikoni. Bi Kanga akaokota kokoto, akaizungusha kwenye kucha.

"Kuna aliyeligusa?"

"Hakuna," wakasema mbweha kwa pamoja.

"Basi kosa hakuna. Hii ni ya jasho." Tii. Chungu cha jasho cha Fisi kikawa na kokoto moja.

Fisi akaguna. "Moja tu? Moja nitaifidia kabla koo halijanikauka." Akawazima waliobaki, vuuu, vuuu, vuuu, akatupa koche chini, akaenda kuchukua rungu.

Sasa ndipo mambo yakawa magumu kwa Pimbi, maana mbweha walishajifunza kusubiri. Wa kwanza akasimama jikoni ametulia tuli, anangoja koche la kusuasua. Pimbi akakusanya nguvu zote alizobakiza maishani, akatupa la haraka. Mbweha akashtuka, akalikosa. La haraka tena. Akalikosa. La haraka tena. Kazimwa. Na bega la Pimbi likalia, ka, likagoma. Wa pili akapiga vizuri kabisa, koche likaenda likatua mgongoni kwa Kobe, likakaa pale juu ya gamba kama yai kwenye kiota. Halikugusa ardhi. Bi Kanga akasema kazimwa. Kobe mwenyewe alielezwa baadaye.

Wawili wamezimwa. Akaja Fisi.

Pimbi akatazama jua. Lilikuwa bado liko juu. Akatazama jabali, akamwona mkewe na watoto wamejipanga mstari wanaangalia. Akatupa. Koche likaenda pole, pole, pole. PAA! Likapanda mpaka likawa nukta, likaanza kushuka. Chini yake amesimama Ngiri, mikono wazi, hana wasiwasi.

Na Pimbi, katika muda ule ambao koche lilikuwa hewani, akawaza hivi. Ngiri akilidaka, zamu inageuka. Zamu ikigeuka tutapiga, halafu hawa watarudi, na bega hili limekufa. Watanijazia chungu cha jasho mpaka kifurike. Lakini Ngiri asipolidaka, kwa hesabu ya Bi Kanga zamu hii imekwisha. Watapiga, watakimbia, watafunga, na hakuna hata moja itakayonihusu, mpaka zamu igeuke. Kwa hiyo dawa ni zamu isigeuke mpaka jua lizame.

Akafungua kinywa.

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

Ngiri akapiga magoti palepale. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Pu. Koche likamgonga mgongoni, likaanguka nyuma yake.

"Sijambo, Mzee."

"Mama watoto hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Wanakuamkia."

Fisi huyo: figa la kwanza, la pili, la tatu, jikoni, anacheka hi hi hii. Bi Kanga akaokota kokoto. "Kosa la Ngiri. Limemgusa. Angelidaka, zamu ingekwisha. Mteremko." Tii.

"Andika popote," akasema Fisi. "Leta mpigaji mwingine."

Wakaanza kupiga. Wakapiga kweli. Pimbi anatupa kwa mkono wa kushoto, koche linakwenda pole, pole, pole, na mbweha wanalipiga pwa, pwa, pwa. Wanakimbia, wanagongana, wanarudi jikoni wawili wawili. Tii, tii, tii. Chungu cha mteremko kikafika nusu. Kila mtu akawa anapiga, kisha anarudi nyuma ya foleni, kisha anapiga tena.

Na kila koche likipanda juu kuelekea kwa Ngiri, sauti ya Pimbi inasikika.

"Za mchana, Mzee Ngiri?"

"Njema, mwanangu. Za huko kwako?" Pu.

"Pole na jua, Mzee Ngiri."

"Nimeshapoa. Na wewe pole kwa kutupa. Bega vipi?" Pu.

"Ulilala salama jana, Mzee? Asubuhi sikukuuliza."

"Salama kabisa, mwanangu, ila kulikuwa na mbu." Pu.

Kila mara Bi Kanga anasema, "Kosa la Ngiri. Mteremko." Na watazamaji wanamzomea Ngiri, naye anajikunyata, masikio yanamlegea. Pimbi aliona. Moyo ukamuuma, maana Ngiri hakuwa amemkosea kitu. Lakini akatazama jabalini, akawaona watoto, akaendelea kusalimia.

Jua likaanza kushuka. Chungu kikajaa, Bi Kanga akaagiza kingine. Mbweha mkubwa, ambaye mkia wake ulikuwa umempa muda wa kufikiri, akamsogelea Fisi.

"Mzee, tungejizimisha mmoja makusudi, zamu igeuke. Tumfunge zamu nyingine."

"Kwa nini?"

"Hizi tunazofunga haziingii kwenye jasho."

Fisi akatazama vyungu viwili vilivyojaa pomoni, kokoto zinamwagika chini, na macho yake yakang'aa. "Nani anayeondoka kwenye chakula sahani ikiwa imejaa?" akasema. Kacha. Mbweha akarudi kwenye foleni.

Ndiyo hivyo. Wakapiga mpaka Fisi ulimi ukamtoka nje. Wakapiga mpaka rungu likapasuka wakachukua jingine. Jua likagusa kilima, na Bi Kanga akapiga mbawa: "Mwisho."

Fisi akaenda mbio mpaka kwenye vyungu, akavikumbatia. "Hesabu, Bi Kanga. Hesabu taratibu, nataka kusikia."

"Hizi za mteremko sihesabu," akasema Bi Kanga, "zitanitoa kucha. Umefunga nyingi kuliko nilivyowahi kuona, mwanangu, hongera, tutakupigia vigelegele. Sasa nyumba." Akainamisha chungu cha jasho cha Pimbi. Hakikutoka kitu. Akainamisha chungu cha jasho cha Fisi. Ikadondoka kokoto moja. Tii.



"Fisi kabeba moja. Pimbi hajabeba kitu. Fisi kashindwa."

"Nimemfunga vyungu vizima!" akasema Fisi.

"Vya mteremko."

"Hii ni hila. Pimbi ndiye aliyemponza Ngiri. Kila koche likishuka, anamsalimia."

Bi Kanga akageuza shingo taratibu. Mama wote waliokuja na watoto wao wakageuza shingo pia. "Kwa hiyo unataka niseme hapa, mbele ya watoto, kwamba mdogo kumwamkia mkubwa ni kosa?"

"Sikusema hivyo."

"Umesemaje?"

"Nimesema asingemsalimia wakati ule."

"Kuna wakati wa kutosalimia watu?" akauliza Bi Kanga. "Nifundishe. Mimi ni mtu mzima sasa, na sijawahi kuusikia."

 Fisi akamgeukia Kifaru.

"Tangu asubuhi sijaelewa mchezo huu," akasema Kifaru, akashusha pembe mpaka ikawa usawa wa mbavu za Fisi. "Lakini nilisikia mtu akisema sheria ni sheria. Na nakumbuka nani alisema."

Fisi akahama jioni ileile. Aliwaita mbweha wamsaidie kutorosha mifupa yake aliyoirundika mashimoni. Mbweha mkubwa akainua mikono juu. "Sisi tena hatugusi kitu," akasema. Fisi akaondoka mikono mitupu. Na mpaka leo giza likiingia mnamsikia huko porini, uuu-wi, uuu-wi, anazihesabu zile za mteremko, akifika katikati anasahau, anaanza upya.

Pimbi alimkuta Ngiri kakaa peke yake nyuma ya mkoche, uso kautia kwenye nyasi.

"Nimekuaibisha, mwanangu," akasema Ngiri. "Maisha yangu yote sijawahi kudondosha. Leo sijui nimeingiwa na nini."

Pimbi akaona haya mpaka masikio yakamwasha. Akamwambia yote: koche, zamu, salamu, kila kitu. "Nilikutumia, Mzee. Nisamehe. Mashimo matatu ya Fisi mimi siwezi kuyakaa, mimi ni mtu wa mawe. Ni yako."

Ngiri hakuwa na nyumba. Alikuwa analala popote alipokuta upenyo.  Akapiga magoti, akashukuru, akauliza hali ya Pimbi, ya mkewe, ya watoto mmoja mmoja kwa jina, ya bega, na ya mifugo. Safari hii Pimbi alijibu yote mpaka mwisho. Ngiri akahamia shimoni, na anaingia kinyumenyume mpaka kesho, ili akija mgeni mlangoni wasalimiane uso kwa uso.

Pimbi akapanda jabalini. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, watoto nyuma yake, mizigo ameshaifunga.

"Mmeshinda?" akauliza.

"Tumefungwa, mama watoto. Hatujawahi kufungwa hivi. Vyungu vilikwisha."

Mkewe akainama, akaanza kuokota mzigo wa kwanza.

"Weka chini," akasema Pimbi. "Hatuhami."

Haya, na funzo. Kila ngano ina funzo, nisiposema mama zenu watanidai. Funzo ni hili: ukiwa kazini na wenzako, fanya kazi kwa nguvu zako zote, usimwangushe mwenzako, usimzubaishe kwa maneno, na lenga ushindi wa wote. Pimbi alifanya hivyo? Hakufanya hata moja. Lakini Pimbi si mtoto wangu, ninyi ndio mnaolala chini ya paa langu.

Ngano nimeitua hapa. Ikiwanogea, gawaneni bila kugombana. Isiponoga, nirudishieni asubuhi, nikampe mwingine.